Maswali ya Wasomaji: Lushoto, Milima na Nyika Iliyo Chini Yake

Barua zilizotufikia kuhusu Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, zimekuwa nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yanategemeana, kwa sababu historia ya milima ya Usambara haieleweki kwa kuitazama milima peke yake. Sharti mtu aitazame pamoja na nyika inayoizunguka.

Ndugu Mhariri, nilipopita Mombo kwa basi nikielekea Arusha nilikuta joto kali na vumbi, lakini abiria walioshuka pale kwenda Lushoto walikuwa wameshika masweta mkononi. Inawezekanaje sehemu mbili jirani zitofautiane kiasi hicho? (Msomaji, Dodoma)

Abiria hao walijua wanakokwenda. Mombo iko kwenye kimo cha mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, na mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, ingawa barabara inayoiunganisha miji hiyo, inayopanda kwa kona nyingi kupitia Soni, haizidi sana kilomita 30. Hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi sita za sentigredi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo safari isiyofika saa mbili inatosha kumtoa mtu kwenye jua la nyika na kumfikisha kwenye ukungu. Juu zaidi, upande wa Magamba na Shume, kuna vilele vinavyozidi mita 2,200, na usiku wa mwezi Julai huko ni wa moto na blanketi zito.

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, kusini mwa Tanzania. Miamba yake ni ya kale sana, nayo iliinuliwa pale ardhi ilipopasuka, ndiyo maana kingo zake ni genge tupu. Anayesimama Irente, ukingoni karibu na mji wa Lushoto, huiona nyika ya Mkomazi chini ya miguu yake bila mteremko wowote wa kumwandaa. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikiwa na unyevu hupanda milima hii, hupoa na kuangusha mvua kwenye miteremko ya kusini na mashariki, kisha huvuka upande wa pili zikiwa kavu. Kwa hiyo nyika ya magharibi imekaa mgongoni mwa mlima, mahali ambapo mvua haifiki kwa wingi, lakini maji ya kijito na mto huipata kutoka juu. Mto Umba nao huanzia katika misitu ya kaskazini mwa wilaya na kwenda hadi baharini karibu na Vanga, mpakani mwa Kenya.

Wasambaa wa zamani waliutumia utofauti huu kwa akili kubwa. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa milima, pale ambapo mtu angeweza kuwa na migomba yake nyumbani, penye baridi na mvua ya kuaminika, na wakati huohuo kushuka kulima nafaka kwenye joto la chini. Mwaka ambao jua liliunguza mazao ya nyikani, ndizi zilibaki. Tunaliweka jambo hili mapema kwa sababu majibu yanayofuata yanalitegemea.

Babu yangu hujiita Mkilindi na husema ukoo wetu ulitawala milima yote. Je, Wakilindi ni kabila jingine au ni Wasambaa? Na ufalme wao uliishaje? (Msomaji, Muheza)

Babu yako anasema kweli. Wakilindi ni ukoo wa kifalme ambao asili yake ni ya kuja, lakini kwa lugha, ndoa na mila wamekuwa Wasambaa kwa vizazi vingi. Masimulizi yao huanza na Mbegha, mwindaji kutoka nchi ya Wanguu, ambaye ndugu zake walimkataa kwa kuwa alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Alikaa mahali paitwapo Kilindi, akaondoka huko baada ya mtoto wa mkubwa wa mahali pale kufa wakiwa mawindoni pamoja, kisha akapanda Usambara akiwa na mbwa wake. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Inasimuliwa pia kwamba aliua simba usiku, na kwamba watu wa Vuga, mahali palipokuja kuwa makao makuu ya ufalme, walipoiona ngozi yake wakamfanya mfalme. Tangu hapo wafalme wa Vuga wakaitwa Simba Mwene. Wanahistoria huuweka mwanzo wa ufalme huo katika karne ya 18.

Katika simulizi hiyo tunashauri msomaji aangalie ule ubadilishanaji wa nyama na chakula cha shamba kuliko maajabu yake. Mfalme alikubalika kwa sababu alileta kitu ambacho wenyeji walikihitaji, na baadaye alikubalika kwa sababu aliaminiwa kuwa na uwezo juu ya mvua. Kodi ilipanda Vuga na mvua ikategemewa kushuka kutoka huko. Wafalme walioa wanawake wa koo za sehemu mbalimbali, na watoto waliozaliwa wakapelekwa kutawala kwa wajomba zao, kiasi kwamba kila bonde lilikuwa na zumbe, yaani chifu, ambaye ni mtoto wa Vuga na pia mpwa wa wenyeji. Ni mpango uliofanya kazi vizuri muda wote ambao mali yote ilipatikana mlimani.

Ulifika kileleni chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi mwaka 1862. Nguvu zake zilifika hadi miji ya pwani kati ya Vanga na Pangani, ambako uteuzi wa wakubwa wa miji ulihusisha Vuga pamoja na Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mara mbili, mwaka 1848 na mwaka 1852, akakuta nchi yenye utaratibu na mfalme mwenye kauli.

Lakini katika miaka hiyohiyo misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa ikiongezeka katika bonde la Mto Pangani, na bunduki zikawa bidhaa. Mwana mmoja wa Kimweri, aitwaye Semboja, alikuwa zumbe wa Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara. Kimweri alipofariki, kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, kijana aliyetakiwa kuwaamuru baba zake wadogo na wakubwa waliokuwa wametawala maeneo yao kwa miaka mingi. Semboja hakukubali. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, na Wabondei, majirani wa upande wa pwani, nao wakaasi na kuwafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala. Jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko vita vyenyewe ni hili: Semboja alipoishinda Vuga hakuhamia huko. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, katika kiti cha babu yake, yeye akabaki Mazinde. Alijua kwamba mali na silaha sasa zilikuwa nyikani, na kwamba kiti cha mlimani kilikuwa kimebaki na heshima bila nguvu. Waliolipa gharama ni wanakijiji wa kawaida, kwa maana vita vya Wakilindi wenyewe kwa wenyewe vilizalisha mateka, na mateka waliuzwa. Hakuna sababu ya kulificha hilo tunapousifu ufalme.

Wajerumani walipoingia walikuta nchi iliyogawanyika tayari, na Semboja alifariki mwaka 1895 wakati utawala wao umekwisha kushika mizizi. Wafalme wa Vuga waliendelea kuwepo chini ya Wajerumani na baadaye Waingereza, hadi mamlaka ya machifu yalipofutwa nchini muda mfupi baada ya uhuru.

Ni kweli kwamba mji wa Lushoto uliwahi kuitwa jina la Kaizari? (Msomaji, Mwanza)

Ndiyo. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaizari wao, na jina hilo liliondoka pamoja nao baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo milima ikawa karibu na bandari. Wamisionari walikuwa wametangulia: Walutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na leo Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya kanisa hilo ina makao yake Lushoto. Uislamu uliingia kupitia biashara na pwani, na ndio dini ya wakazi wengi. Katika familia nyingi za huko dini zote mbili hukaa meza moja, na hakuna anayeona ajabu.

Mwenzangu chuoni anatoka Lushoto lakini anasema yeye si Msambaa bali Mmbugu. Hao ni nani? (Msomaji, Iringa)

Wambugu ni watu wa mlima kama majirani zao, ila kwa desturi ni wafugaji wa ng'ombe, na makazi yao mengi yako sehemu za juu, karibu na misitu na malisho. Lugha yao imewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, kwa kuwa sarufi yake ni ya Kibantu, inayofanana na ya Kipare, ilhali sehemu kubwa ya msamiati wake inatokana na lugha za Kikushi. Wengi huzungumza pia Kisambaa na Kiswahili. Upande wa kaskazini wako Wapare vilevile. Tunamwomba msomaji asiwaite Wambugu kuwa ni tawi la Wasambaa. Wamekaa pamoja kwa karne nyingi bila kuacha kuwa wenyewe.

Bibi yangu wa Mlalo husimulia kwamba walikataa kulima matuta enzi za Mwingereza. Kama udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, kwa nini wazee wetu walikataa? (Msomaji, Lushoto)

Swali hili limetugusa, kwa sababu wazee hao walisemwa vibaya kwa muda mrefu, wakaitwa wavivu na wasioelewa. Udongo ulikuwa unaondoka kweli. Bonde la Mlalo lilikuwa na watu wengi, mashamba yalikuwa yamepanda kwenye miteremko mikali, na mvua ikinyesha maji ya mito yaligeuka mekundu. Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa Mlalo mwaka 1946, kisha ikaupanua kwenye milima yote, na kiini chake kilikuwa amri: kila kaya itengeneze matuta katika sehemu iliyopangwa ya shamba, na asiyefanya atozwe faini au afungwe. Waliotumwa kuisimamia amri ni machifu.

Jiulize sasa nani alishika jembe. Kazi ya shamba la chakula ilikuwa zaidi mikononi mwa wanawake, ambao tayari walikuwa na maji, kuni, watoto na kupalilia. Matuta ni kazi nzito, yanabomoka kwenye mteremko mkali mvua ikizidi, na hayakuongeza mavuno yaliyoonekana kwa macho msimu uleule. Kulikuwa pia na suala la ardhi. Maskini wengi walilima mashamba ya kuazima, na mwenye shamba alikuwa na sababu ya kuogopa kwamba aliyeweka matuta atadai haki ya kudumu, au kwamba serikali yenyewe itasema ardhi iliyotengenezwa kwa amri yake ni yake. Kwa hiyo kukataa kulikuwa na hesabu ndani yake, na wanawake walikuwa mstari wa mbele kwenye upinzani huo. Hasira hiyo iliipatia TANU wafuasi wengi milimani, na kabla ya uhuru kufika mpango ulikuwa umeachwa.

Mmomonyoko haukuachwa pamoja nao. Mwaka 1981 ulianza mradi mwingine wa kuhifadhi udongo, ujulikanao kama SECAP, kwa msaada wa Ujerumani, nao ulitumia njia tofauti: majani ya gwatemala yaliyopandwa kwa mistari kukata mteremko, miti mipakani mwa shamba, na ng'ombe wa maziwa aliyefungiwa zizini. Si kila kijiji kilifuata, na bado yapo mashamba yanayolimwa kuteremka moja kwa moja, jambo ambalo linatusikitisha. Hata hivyo, nenda Lukozi siku ya soko, uone kinamama wanavyoteremka na karoti, kabichi na viazi kutoka kwenye vipande vya ardhi visivyozidi ukumbi wa nyumba, na madereva wa malori wanavyopanga matenga usiku ili mboga zifike Dar es Salaam zikiwa mbichi. Pembeni mwa vipande hivyo utaona mistari ya majani iliyokatwa karibuni. Hakuna anayewatoza faini kuipanda. Wanaikata asubuhi na kumpelekea ng'ombe, na samadi hurudi kwenye kabichi.