Kabla ya kozi nyingine, nenda kakae na karani

Kila mwaka wa masomo ukiisha, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wanaomaliza chuo hapa Dodoma. "Kaka, habari za kazi. Nina PHP kidogo na Python kidogo. Sasa nijifunze nini, React au Flutter?" Mbili za kwanza ni lugha za kuandikia programu, mbili za mwisho ni zana za kutengenezea kurasa za tovuti na programu za simu. Wa juzi alinifuata mpaka Ng'ong'ona, kwenye kibanda ninapokunywa chai. Alikuwa na kozi tisa kwenye simu yake, na zote zilikuwa zimeishia njiani. Bando lake lote la mwezi huishia kwenye video za mtu anayeandika msimbo, yaani maagizo ya programu, haraka kuliko anavyoongea.

Swali lake sikulijibu. Nilimuuliza mfumo wa mwisho aliotengeneza unatumiwa na nani, na mara ya mwisho alikaa na mtu huyo lini. Akacheka. Nikajiona mimi mwenyewe mwaka 2018.

Mwaka huo nilitengeneza mfumo wa mnunuzi mmoja wa mahindi pale Kibaigwa, soko la nafaka ambalo kila anayepita barabara ya Dodoma kwenda Morogoro analijua kwa malori yake. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: jina la mkulima, idadi ya magunia, bei, namba ya simu ya kutumia pesa, basi. Nikaifanya wiki mbili chumbani, nikaipeleka kwa mzee, nikachukua nusu ya malipo iliyobaki nikarudi mjini. Kwenye wasifu wangu nikaandika kwa herufi nzito kwamba ni mfumo unaofanya kazi. Baada ya hapo nikaingia kozi ya fremuweki mpya, yaani kiunzi cha kujengea programu, kwa sababu nilisikia ndiyo yenye ajira.

Msimu ukiwa umekolea, mzee akanipigia. "Kijana wangu, njoo uone hiki chombo chako." Nikapanda basi asubuhi. Nilimkuta karani wake, dada mmoja mtaratibu sana, anaandika kwenye kaunta buku. Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi. Anaandika kwenye daftari mchana kutwa, kisha jioni ndiyo anahamishia kwenye mfumo, ili mzee asikasirike kwamba pesa yake imepotea bure. Yaani nilikuwa nimemwongezea kazi.

Akanifungulia orodha ya wauzaji. "Kaka, hebu niambie, huyu mwenye namba ya 2147 ni nani? Kila siku anauza mahindi."

Nikaangalia. Wakulima kumi na tisa, majina tofauti, vijiji tofauti, wote namba yao ya simu ni 2147483647. Wengine namba zao zilianza na 7, sifuri ya mbele imeliwa. Jasho lilinitoka, na ilikuwa Julai, upepo wa Dodoma unakata masikio.

Jibu nililipata mchana ule nikiwa nimekaa juu ya gunia. Namba ya simu nilikuwa nimeitengea nafasi ya namba kamili ya biti 32. Kwa kompyuta, namba haina haja ya sifuri mbele, kwa hiyo 07 inabaki 7. Na nafasi ya aina hiyo mwisho wake ni 2,147,483,647. Dalali mmoja alikuwa akimtumia karani namba zinazoanza na 255, kama zilivyo kwenye simu yake. Hizo ni kubwa kuliko nafasi niliyotenga, na kanzidata ile, yaani ghala la data za mfumo, kwa toleo lake la zamani na jinsi ilivyosetiwa, haikulalamika. Ilibana tu ikaandika namba ya mwisho inayoiweza. Namba ya simu hatuijumlishi wala kuigawanya, kwa hiyo ni maandishi, haijalishi imejaa tarakimu. Darasani nilifundishwa aina za data muhula mzima, na mtihani nikafaulu. Lakini nilizielewa siku ile, karani akiwa amesimama nyuma yangu na kalamu sikioni.

Halafu likaja la magunia. Mimi niliandika gunia ni kilo 100, kwa sababu nilisoma hivyo mahali. Dada akanipeleka kwenye mzani. Gunia la kwanza kilo 112, la pili 118, la tatu ni lumbesa, limeshonewa kilemba juu, linakaribia 140. Fomu yangu ilipokea idadi ya magunia tu. Yeye kwa akili yake alijaribu kuandika 1.18, mfumo ukahifadhi 1. Mkulima angelipwa kwa hesabu yangu, angekuwa ameibiwa kilo 18 na mtu ambaye hata hajawahi kumwona. Mimi hapo.

Nililala Kibaigwa siku mbili. Nikabadilisha fomu ianze na uzito wa mzani wenye desimali, gunia liwe maelezo ya pembeni. Ujumbe nao ulikuwa na kituko chake: mfumo uliwatangazia wakulima kwamba mzani unafunguliwa "saa 7:00", nikimaanisha asubuhi, kwa saa za kompyuta. Nani anasoma hivyo? Watu wakaja saa saba mchana, na wana haki. Sasa naandika "saa 1 asubuhi", msimbo ndio uhangaike kutafsiri.

Siku hizo mbili zilinifundisha kuliko zile kozi. Sisemi kozi ni mbaya. Ila nikiwa na tatizo mkononi, kozi ya saa kumi naipitia kwa dakika arobaini, natafuta sura moja ninayoihitaji, na nikiipata haitoki kichwani, kwa sababu kuna mtu ananisubiri. Kwa hiyo vijana wakiniuliza wajifunze nini, nawaambia wajifunze kile kinachomuuma mtumiaji wao. Kama karani anasubiri ukurasa nusu dakika, wakati wa kusoma faharasa za kanzidata, zinazoharakisha utafutaji, umefika. Mtandao ukikatika na kazi ikapotea, soma namna ya kuhifadhi kwenye kifaa kwanza na kutuma baadaye. Na kama mteja ameletewa taarifa ya malipo yale yale mara mbili na mfumo ukahesabu mara mbili, hapo una somo la mwezi mzima, tena ni somo ambalo waajiri wanalilipia vizuri.

Kuna kosa jingine linalonihusu ambalo naliona kwa wengi. Mwanzoni mwa 2019 niliamka nikakuta mfumo mzima umekufa. Kampuni niliyokodi seva, kompyuta ya mtandaoni inayobeba mfumo, ilikuwa imehamia PHP 7, maana PHP 5.6 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2018. Msimbo wangu wote uliita mysql_connect, amri ya kuunganisha programu na kanzidata. Kwenye PHP 7 amri hiyo haipo kabisa. Iliondolewa mwaka 2015, na tangu 2013 watu walikuwa wameshaonywa waiache. Mimi nilijifunza mwaka 2016, kutoka kwenye video ya zamani, kitu ambacho kilishazikwa. Onyo lilikuwa juu kabisa ya ukurasa wa nyaraka rasmi, ila nyaraka nilikuwa siziendei, naziona ndefu na Kiingereza chake kigumu. Bahati yangu mahindi yalikuwa bado shambani.

Tangu hapo, kabla ya kujifunza chombo chochote naangalia mambo mawili: toleo lake linahudumiwa mpaka lini, na somo ninalolifuata liliandikwa mwaka gani. Inachukua dakika tano. Na Kiingereza cha nyaraka ukikisoma kila siku ukurasa mmoja, baada ya miezi mitatu unakizoea, maana maneno ni yale yale yanajirudia.

Akili mnemba je? Naitumia kila siku, sina aibu. Inaandika fomu kwa sekunde. Lakini lumbesa haikuijua mpaka nilipoieleza, na kama mimi nisingekaa mzanini, nisingejua kwamba kuna la kueleza.

Kuhusu ajira sitaongea sana. Dodoma tangu Serikali ihamie, macho ya kila kijana yako Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na si vibaya. Usaili wa Serikali una mchujo wa kuandika, mara nyingi vitendo, kisha mahojiano, na nimeanguka kwenye mchujo zaidi ya mara moja. Kazi niliyonayo sasa, ya kampuni binafsi, niliipata kwenye mahojiano ambayo niliulizwa nieleze kosa langu kubwa. Nikawasimulia mkulima wa 2147. Walicheka wote, kisha mmoja akauliza: "Zile namba za watu kumi na tisa ulizirudishaje?" Nikajibu kwamba nilizinakili moja moja kutoka kwenye kaunta buku. Sikuwa na jibu la kitaalamu zaidi ya hilo.

Mawili kuhusu wateja wa mtaani, maana hapo ndipo tunapoumia. La kwanza ni mkataba, hata wa kurasa mbili: msimbo ni wa nani, anwani ya tovuti imesajiliwa kwa jina la nani, na matunzo ni shilingi ngapi kwa mwaka. Mimi kule Kibaigwa sikuandika matunzo, kwa hiyo zile siku mbili, nauli na gesti vilitoka mfukoni kwangu. Nadhani ilikuwa ada ya shule, lakini usiilipe mara mbili. La pili, majina na simu za wakulima si mali yako. Zamani nilikuwa naituma nakala nzima ya kanzidata kwa rafiki yangu kwa WhatsApp anisaidie kutafuta hitilafu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, ile ilikuwa tabia mbaya. Ukitaka kujaribu, tunga data za uongo.

Yule kijana wa Ng'ong'ona alipomaliza kucheka aliniambia mfumo wake wa mwisho ni wa duka la dawa la shangazi yake, Chang'ombe. Aliuweka mwaka jana. Hajaenda kuutazama tangu siku hiyo, kwa kuwa shangazi hajawahi kulalamika. Nikamwambia aende akae kaunta siku nzima, asiguse kompyuta, aangalie tu.

Jumamosi jioni nikapata ujumbe wake: "Kaka, shangazi ana kaunta buku mbili."