Sheria na Wewe: Tiketi ya bangi Kentucky, na safari ya kumwona mama

SWALI

Mwanasheria wa ukurasa huu, shikamoo. Mimi ni Mkongo niliyelelewa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa naishi Lexington, Kentucky, nikiwa na grini kadi, yaani hati ya mkazi wa kudumu. Wiki mbili zilizopita nilisimamishwa usiku kwa mwendo kasi, mtoto wa dada yangu akiwa kiti cha pembeni. Askari alisema anasikia harufu, akapekua gari, na kwenye kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria akakuta kifuko cha bangi isiyofika gramu sita pamoja na kiko kidogo cha kioo. Alipouliza ni vya nani, kijana alinyamaza, nami kwa kuwa ndiye mkubwa nikasema ni vyangu. Hatukutiwa pingu, nilipewa karatasi yenye mistari mitatu ya makosa na tarehe ya kufika mahakamani. Watu wa kanisani wananishauri nikakiri, nilipe faini, nirudi kazini. Mama yangu anaumwa na bado yuko kambini; tiketi ya ndege nimeshakata. Tena nasomea leseni ya lori. Je, jambo hili litaniharibia?
Msomaji, Lexington

JIBU

Ndugu msomaji, marahaba, na pole sana kwa ugonjwa wa mama. Nakuomba mambo mawili kabla ya yote: usikiri kosa la bangi wala la kiko mahakamani kabla hujaonana na wakili anayeijua sheria ya uhamiaji, na usipande ndege kabla ya kuonana naye.

Waliokushauri kanisani wanatazama upande mmoja tu wa karatasi yako, yaani upande wa jimbo, na huko kweli jambo linaonekana dogo. Kwa sheria ya Kentucky, kupatikana na bangi isiyofika aunsi nane ni kosa dogo ambalo adhabu yake ya juu ni siku 45 jela na faini ya dola 250. Wengi hushangaa kusikia kwamba kile kiko kina uzito zaidi kuliko bangi yenyewe, kwa sababu kumiliki kifaa cha kuvutia dawa za kulevya kunaweza kuleta kifungo cha hadi miezi 12. Kwa hiyo isome tena karatasi yako mstari kwa mstari. Ukikuta kumeandikwa kuendesha gari ukiwa umelewa, hilo ni shtaka jingine kabisa, lenye matokeo yake juu ya leseni. Lakini kwa maelezo yako silioni hapo.

Upande wa pili ni serikali ya shirikisho, ambayo ndiyo iliyokupa grini kadi. Tangu mwaka 1970 sheria yake inaihesabu bangi kuwa dawa inayodhibitiwa, wala haijali kwamba ng'ambo ya mto, kule Ohio, watu wazima wanaruhusiwa kuwa nayo tangu Desemba 2023. Mgeni aliyetiwa hatiani kwa kosa linalohusu dawa hizo anaweza kuondolewa nchini. Hata hivyo sheria hiyo imeacha mlango mmoja: asiondolewe yule ambaye kosa lake ni moja tu, la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Gramu zako sita zinapita katika mlango huo. Na kuhusu kiko, mwaka 2012 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua kwamba bangi kidogo na kifaa chake vikikamatwa katika tukio moja vinaweza kuingia pamoja katika nafuu hiyo. Lakini mlango huo hupitwa mara moja. Likitokea kosa la pili, hata la gramu moja, umefungwa.

Sasa nakuja kwenye safari yako, na hapa ndipo ninapokuhofia zaidi. Nafuu ya gramu 30 imeandikwa katika sheria ya kumwondoa mtu aliyeko ndani ya nchi. Sheria ya kumruhusu mtu kuingia haina nafuu ya namna hiyo. Mkazi wa kudumu anayerudi kutoka nje kwa kawaida hahesabiwi kuwa anaomba kuingia upya, lakini akiwa ametenda kosa la namna hii anaweza kuhesabiwa hivyo, na ofisa wa uwanja wa ndege akamzuia kwa jambo ambalo lisingemwondoa kama angebaki nyumbani kwake Lexington. Upo msamaha anaoweza kuuomba kwa kosa moja la bangi isiyozidi gramu 30, lakini ni msamaha wa kuombwa, wenye masharti, kama vile kuthibitisha kwamba mke, mzazi au mtoto aliye raia au mkazi wa kudumu atapata shida kubwa mno. Mtu anaweza kuuomba akiwa kizuizini, naye mama anangoja kambini. Najua uzito wa kumwambia mtoto asubiri wakati mama anaumwa, lakini ni afadhali uiahirishe safari ya ndege mpaka kesi iwe imekwisha na wakili ameyasoma maandishi ya mahakama.

Je, kesi ikifutwa baadaye? Hapa wengi wetu wamejikwaa. Kentucky inamruhusu hakimu kuifuta hatia ya kwanza ya bangi mtu akishatimiza masharti aliyopewa, na mtu hutoka mahakamani akiamini kwamba hana tena rekodi. Kwa uhamiaji, tangu mwaka 1996, mtu akikiri kosa, au akikubali mambo yanayotosha kumtia hatiani, kisha hakimu akamwekea adhabu au sharti lolote, hiyo ni hatia, hata jimbo likiifuta kesho yake. Ndiyo maana nataka wakili wako atafute njia isiyokudai ukiri lolote: ahoji kama askari alikuwa na haki ya kupekua gari, aombe shtaka lifutwe au libadilishwe kuwa kosa la barabarani tu, au aombe mpango wa kuahirisha mashtaka usio na kukiri. Uliyomwambia askari usiku ule yatatumiwa na mwendesha mashtaka kama ushahidi, lakini si hukumu. Bado anapaswa kuthibitisha kwamba ulijua bangi imo garini na kwamba ilikuwa chini ya mamlaka yako. Mpwa wako usimwelekeze la kusema. Awe na wakili wake mwenyewe, maana naye akiwa mgeni yamkini yatamkuta haya haya.

Niongeze jambo la malezi yetu. Sisi tumefundishwa kwamba mbele ya mkubwa mtu huinamisha kichwa na kusema, “Naomba radhi, mheshimiwa, sitarudia.” Nyumbani hiyo ni adabu, lakini hakimu wa Marekani akitafsiriwa maneno hayo anaweza kuyasikia kama kukiri. Omba mkalimani wa Kiswahili, ambaye mahakama humtoa bila malipo, na umwachie wakili aseme. Kama huna uwezo wa kumlipa, omba wakili wa umma siku ile ile ya kwanza. Usiache kufika, kwa kuwa hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata.

Mwambie wakili huyo waziwazi kwamba wewe si raia. Haki ya mgeni kuelezwa na wakili wake hatari ya uhamiaji ilitokana na kesi ya hapo hapo Kentucky: José Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, aliyekuwa mkazi wa kudumu kwa zaidi ya miaka 40 na aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikamatwa akisafirisha bangi kwenye lori lake, na wakili wake akamwambia asihofu uhamiaji kwa kuwa ameishi nchini muda mrefu. Akakiri. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari ya kuondolewa nchini kabla hajakiri. Bangi yake ilikuwa nyingi kuliko yako mara nyingi sana, lakini ushauri aliopewa unafanana na ule unaopewa kanisani.

Kuhusu lori, tiketi uliyopata ndani ya gari lako binafsi si kitu kinachoingizwa katika daftari la shirikisho la vipimo vya dawa za kulevya vya madereva wa lori. Kinachoingia ni kupimwa na kukutwa na bangi, au kukataa kupimwa, na tangu Novemba 2024 jimbo linalazimika kumwondolea dereva wa namna hiyo leseni ya lori mpaka amalize hatua za kurudi kazini. Ruhusa ya jimbo lolote haitakusaidia kwenye kipimo hicho.

Na siku utakapojaza fomu N-400 ya kuomba uraia, utaulizwa kama umewahi kukamatwa, kupewa tiketi au kushtakiwa. Jibu ndiyo, hata kesi ikiwa imefutwa, na uambatanishe nakala ya uamuzi yenye muhuri wa mahakama. Gramu sita za mara moja zinaweza kusamehewa katika kipimo cha mwenendo mwema, ila uongo wa chini ya kiapo utakukosesha uraia wenyewe. Nakala hiyo iombe kwa karani wa mahakama mara kesi itakapokwisha, uchukue mbili, na moja umpelekee wakili wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi nyingine ya ndege.