Umechaguliwa udaktari vyuo viwili: kabla hujathibitisha

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita kwa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), kipindi hiki cha kuthibitisha udahili kina presha kuliko hata mtihani wenyewe. Jina limetoka vyuo viwili au vitatu, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, inataka uthibitishe kimoja tu. Nyumbani kila mtu ana lake: mjomba anasema Muhimbili ni Muhimbili, shangazi anasema vyuo vya dini vinalea. Mimi nimeshapita huko, sasa nawapokea wanafunzi wodini, na nitawaambia ninachokiona.

Anzeni na pesa, tena mzihesabu kwa miaka 5, si mwaka wa kwanza peke yake. Ada ya MD, yaani shahada ya kwanza ya udaktari, chuo cha serikali ni takribani milioni 2 kwa mwaka au chini yake. Vyuo vingi binafsi huvuka milioni 5. Tofauti ya milioni 3 kila mwaka ni milioni 15 hadi unahitimu. Ipo familia inayouza kiwanja kulipia mwaka wa kwanza ikitumaini Bodi ya Mikopo itawabeba kuanzia wa pili. Tafadhali msipange hivyo. Hakuna kinachoniumiza kama kumwona kijana wa mwaka wa nne, mwenye kichwa kizuri, anazuiwa kuingia chumba cha mtihani kwa sababu ya deni la ada.

Ombeni mchanganuo wote wa ada, maana usajili, mitihani, bima na hosteli huwa havimo kwenye ile namba kubwa. Kisha ulizieni kodi ya chumba. Ukikosa hosteli ukiwa Upanga, Dar, ilipo Muhimbili, maisha si sawa na ya mwenzako aliyeko Ifakara. Mkopo nao ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi hadi uishe.

Sasa sifa. Jina la Muhimbili halikuja bure. Udaktari unafundishwa pale tangu 1963, na mgonjwa aliyeshindikana mikoani mara nyingi huishia pale. Utaona magonjwa ambayo wengine watayasoma vitabuni tu. Lakini kitanda hichohicho kina bingwa, wanaosomea ubingwa, madaktari tarajali, halafu ndipo wewe, nyuma kabisa, unanyoosha shingo. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza ni hospitali za rufaa za kanda, wagonjwa ni wengi, na vyuo vyake vimejenga jina kwa kazi. Ifakara hospitali ni ndogo zaidi, ila malaria kali na uzazi wenye matatizo utavikuta, na mikono yako itapata kazi mapema. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko nembo ya kwenye koti.

Kwa hiyo mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa nne au wa tano wa chuo hicho mumuulize mambo ya kweli. Kwenye anatomia, mwili mmoja mlishirikiana wangapi? Bingwa anakuja kwenye raundi, au anawaachia tarajali? Umezalisha akina mama wangapi kwa mikono yako mwenyewe? Hospitali ni ya chuo, au mnagombania wodi na vyuo vingine? Akisitasita kujibu, mwulizeni na mwenzake.

Wanaofikiria nje ya nchi, hakikisheni kwanza TCU na Baraza la Madaktari Tanganyika wanakitambua chuo hicho, maana mkirudi kuna mtihani wa Baraza kabla ya kusajiliwa. Ulizeni pia wagonjwa wa kule wanazungumza lugha gani. Darasani mwalimu anaweza kufundisha kwa Kiingereza, lakini kama ni China, mgonjwa anaeleza maumivu yake kwa Kichina. Na kumbukeni wenzetu waliolazimika kuondoka Ukraine vita ilipoanza Februari 2022, masomo yakiwa katikati.

Tena, jina linaweza kutafutwa baadaye. Madaktari wengi husoma shahada ya kwanza pale wanapoweza kulipa, wakafanya kazi, kisha wakaenda Muhimbili au KCMC kusomea ubingwa. Kwa hiyo kama mkopo uliopata ni wa asilimia ndogo, nawe umeitwa Dodoma au Mbeya kwa ada ya serikali na pia chuo binafsi chenye jina Dar, mimi ningethibitisha Dodoma au Mbeya leo hii, kabla dirisha halijafungwa.