Weupe unaojitokeza kila ukipima kloridi: anza kuyapima maji

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), hapa Dodoma. Kwenye praktiko ya kutambua chumvi, kila nikidondosha nitrati ya fedha naona weupe, hata kwa chumvi ambayo baadaye tunaambiwa haina kloridi kabisa. Wenzangu wanasema testi tyubu zangu ni chafu. Nimeziosha sana kwa maji ya kisima cha shule, ambayo ndiyo tunayeyushia chumvi pia, lakini hali ni ileile. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Mkono wako hauna kosa. Ninayoyashuku ni hayo maji, na kila ukiosha kwayo unaiacha tena kloridi ndani ya testi tyubu.

Maji mengi ya visima vya Dodoma yana chumvichumvi. Yamekaa chini ya ardhi muda mrefu yakiyeyusha madini, na jua la huku hukausha maji ya juu na kuiacha chumvi kwenye udongo. Usiseme "mbona hayana ladha ya chumvi?" Ulimi huanza kuihisi kloridi ikikaribia miligramu 250 kwa lita, lakini nitrati ya fedha huigundua mapema mno. Piga hesabu. Chukua maji yenye miligramu 35.5 tu kwa lita, yaani moli 0.001 kwa lita. Ukidondosha nitrati ya fedha hadi ioni za fedha zifike moli 0.005 kwa lita, ukizidisha viwango hivyo viwili, vya kloridi na vya fedha, unapata 5 × 10⁻⁶. Ksp ya kloridi ya fedha, yaani kikomo ambacho jibu hilo likikipita mashapo huanza kutokea, kwenye nyuzi 25 ni 1.8 × 10⁻¹⁰. Umeipita zaidi ya mara 20,000, kwa hiyo lazima mashapo yatokee.

Kesho fanya hivi. Weka maji peke yake kwenye testi tyubu, bila chumvi yoyote. Ongeza asidi ya nitriki hafifu, kisha nitrati ya fedha. Yakigeuka meupe, umempata mhalifu. Asidi hiyo usiiruke, kwa sababu maji magumu yana bikaboneti pia, nayo huweza kuleta mashapo ya kaboneti ya fedha. Asidi huyaondoa, kloridi ikabaki. Wala usiweke asidi ya hidrokloriki badala yake, maana hapo umejimiminia kloridi mwenyewe.

Wengi hukimbilia kuchemsha. Kuchemsha huondoa ugumu wa muda tu, kalsiamu ikatuama kama ile gamba unayoiona ndani ya birika. Kloridi haiendi popote. Maji yakipungua, yenyewe inakolea zaidi. Kuchuja kwa kitambaa au karatasi nako hakusaidii, kwa sababu ioni hupita.

Unahitaji maji yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa, yale ambayo madukani huitwa maji ya betri. Soma lebo kwa makini sana: duka hilohilo huuza asidi ya betri, ambayo ni asidi ya sulfuriki, na inaunguza. Msimu wa mvua mnaweza kukinga maji ya mvua moja kwa moja kwenye beseni safi, si yale ya mwanzo yanayoosha vumbi la bati. Yoyote mtakayopata, yapimeni kwanza peke yake kama nilivyoeleza. Maji ya kisima yaosheeni vifaa, kisha msuuze mwisho kwa maji haya safi kidogokidogo, mara mbili au tatu. Dumu moja litawafikisha mbali mkitumia hivyo.

Titresheni, yaani kupima kiasi kwa kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, nayo inaumia, na hili linaniuma zaidi kwa sababu mwanafunzi hupoteza alama bila kuona weupe wowote wa kumshtua. Tuseme maji yana bikaboneti moli 0.006 kwa lita, na ndiyo mliyotengenezea myeyusho wa kaboneti ya sodiamu. Kila sentimita za ujazo 25 za pipeti zitabeba milimoli 0.15 za bikaboneti. Ukitumia kiashiria cha methili ranji, hizo zinakula sentimita za ujazo 1.5 za asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M kutoka kwenye bureti. Namba utakazosoma kwenye bureti zitakubaliana vizuri kabisa, zote zikiwa juu kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana kupata namba zinazofanana peke yake hakuthibitishi kwamba jibu ni sahihi. Mwonyeshe mwalimu wako matokeo ya testi tyubu ya maji matupu, halafu muombe myeyusho wa titresheni ijayo utengenezwe kwa maji ya betri au ya mvua yaliyofaulu kipimo hicho.