Tajiri aliyegawa fedha za kura: dini inaruhusu ashitakiwe?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Niko Kondoa. Wakati wa kura za maoni, mfanyabiashara mmoja mkubwa, ambaye mwenyewe hagombei, alitugawia wajumbe shilingi 20,000 kila mmoja na kutuapisha kwa msahafu tumpigie mtu wake. Msikiti wetu nao ukaletewa saruji. Wapo wanaotaka ashitakiwe. Wengine wanasema mtu hashitakiwi kwa kutoa mali yake ya halali. Na mimi niliyepokea na kuapa, nifanyeje?

JAWABU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndiyo, ashitakiwe, ushahidi ukiwepo. Mali kuchumwa kwa halali hakuhalalishi kila inachonunuliwa. Abdullah bin Amr (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji (Abu Daud na Tirmidhi). Kutogombea hakumtoi huyu katika laana hiyo, maana mtoaji ndiye yeye.

Adhabu ya rushwa katika fiqhi (elimu ya sheria za Kiislamu) ni taazir, yaani kiwango chake anakikadiria mwenye mamlaka. Kwa hiyo si haki kumzomea sokoni, wala khatibu kumtaja mimbarini kabla ya kuthibiti jambo. Ni kesi ya mahakama. Sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuruhusu "takrima", yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, tangu mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006, na moja ya hoja ilikuwa kwamba inambagua mgombea asiye na fedha. Baadaye zikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, ambayo inagusa hata kura za maoni ndani ya vyama. Anayejitetea leo kwa takrima hana pa kushika.

Hata hivyo asishitakiwe kwa utajiri wake. Kumuunga mkono mgombea hadharani, au kukichangia chama kwa njia iliyotangazwa, si rushwa. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatuamrisha uadilifu mtu awe tajiri au fakiri. Ila dhulma tunayoiona zaidi ni ile ya upande wa pili: kijana aliyetumwa na bahasha anakamatwa, aliyezijaza analala kwake. Mtume (s.a.w.), alipoombewa mwanamke wa ukoo mtukufu wa Makhzum aliyeiba, alisema waliotutangulia waliangamia kwa sababu hiyo hiyo: akiiba mtukufu wanamwacha, akiiba mnyonge wanamwadhibu.

Kuhusu saruji, kipimo kimo katika hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka aliyesema "hii yenu, na hii nimezawadiwa." Mtume (s.a.w.) akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa wazazi wake aone kama angeletewa. Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, wanasema kadhi anaweza kupokea zawadi ya aliyekuwa akimpa kabla hajashika kazi, isizidi kawaida yake, na asiwe na kesi mbele yake. Basi kamati ifungue daftari la michango. Kama kila Ramadhani hutoa mifuko kumi na safari hii ametoa kumi, hakuna neno. Kama jina lake halimo popote na lori limefika wiki ya kura, irudishwe, na anayeirudisha aandikishiane naye.

Wewe sasa. Usizitumie noti hizo, na usifute ujumbe wowote wa simu. Andika siku, mahali, waliokuwepo na maneno yaliyosemwa, uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe tu. Kisha piga 113 au nenda ofisi ya wilaya ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Wanazuoni wamekhitilafiana kama fedha ya rushwa inarudi kwa mtoaji au inatolewa sadaka; ukiikabidhi kama kielelezo, umeshatoka ndani yake. Elewa pia kwamba kupokea ni kosa kisheria. Uende ukiwa mkweli, na usingoje uitwe.

Kiapo hakikufungi kwenye maasi. Mtume (s.a.w.) ameamrisha anayeapa kisha akaona lililo bora alifanye hilo, na atoe kafara. Kwa hiyo mpigie unayemwona anafaa, hata akiwa mwingine, kisha lisha masikini kumi, kila mmoja kibaba cha chakula kikuu cha watu wa kwenu. Kwa tahadhari kadiria robo tatu ya kilo, yaani kilo saba na nusu za mahindi, mtama au uwele. Kwa Mashafii iwe nafaka, si unga wala pesa. Waweza pia kuwavisha hao kumi. Ukishindwa yote, funga siku tatu. Wanaokosea ni wale wanaokimbilia kufunga ilhali gunia liko ghalani.

Wallahu aalam.