Nimezoea Dar es Salaam. Nitaishije katika mji mdogo Uholanzi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili kwa miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, na masomo yanaanza Septemba. Nimezaliwa na kukulia Tabata, sijawahi kuishi nje ya Dar es Salaam, na ninaambiwa kwamba Wageningen ni mji mdogo usio hata na kituo cha treni. Rafiki zangu wananishauri nipange chumba Amsterdam na niwe ninasafiri kwenda chuoni kila siku, la sivyo upweke utanimaliza. Unanishauri nini? – Msomaji, Tabata.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera sana. Uliyoambiwa ni kweli: mji huo una wakazi wapatao 40,000 tu, ilhali mkoa wetu ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 5.3 katika Sensa ya mwaka 2022, na treni itakushusha Ede, kisha utapanda basi. Hata hivyo, nakusihi usipange Amsterdam. Mbali na uchovu wa kusafiri kilomita kama 80 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, utaunyima mji huo nafasi ya kukuzoea, na uzuri wa mji mdogo hautokani na majengo bali na kuzoeana na watu wake.

Nilisoma hapo, na jambo lililonishangaza ni jinsi malezi ya Dar es Salaam yalivyonisaidia. Sisi hatuishi na watu milioni tano. Tunaishi mtaani, tunajulikana na mwenye genge, na fundi cherehani hutuuliza habari za mama kabla ya kupima kitambaa. Jumamosi kuna gulio katika uwanja unaozunguka kanisa kubwa la mjini. Nenda kila juma kwa muuza jibini yuleyule na umsalimie kwa Kiholanzi, hata kama unayajua maneno machache tu, nawe utaona jinsi anavyoanza kukukatia kipande cha kuonja kabla hujaomba. Jioni tembea kwenye tuta la mto Rhine, ambako watu hupishana kwa salamu, au panda hadi bustani ya miti ya Belmonte, ambako bonde lote la mto huonekana. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na matembezi ya saa hizo ndiyo ninayoyakumbuka kwa mapenzi makubwa zaidi.

Mji huo una heshima yake pia. Tarehe 5 Mei 1945, majenerali wa Kanada na Ujerumani walikutana katika Hotel de Wereld kujadili jinsi majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Uholanzi yangesalimu amri. Kwa sababu hiyo, usiku wa kuamkia tarehe hiyo kila mwaka, mwenge wa ukombozi huwashwa hapo na wakimbiaji huupeleka sehemu mbalimbali za nchi. Mtanzania aliyekua akiuona Mwenge wa Uhuru hawezi kusimama pale bila kuguswa.

Sikufichi kwamba majira ya baridi ni magumu, kwani Desemba giza huanza kuingia mnamo saa kumi na nusu jioni na mitaa hunyamaza. Tena huko jirani hapigiwi hodi bila miadi. Ukialikwa kahawa saa nne asubuhi, fika saa nne, na usihesabu utaratibu huo kuwa ni ubaridi wa moyo. Alika wewe kwanza. Pika pilau, waite wanafunzi wenzako, ambao wengi watakuwa wametoka mbali kama wewe, na umwite pia jirani wa mlango wa pili, lakini umpe taarifa siku kadhaa kabla.

Ukifika, nunua baiskeli iliyokwisha kutumika pamoja na taa zake, kwa sababu kuendesha usiku bila taa hutozwa faini. La haraka zaidi ni chumba: wasiliana na chuo wiki hii hii uulize utaratibu wa kuomba makazi mjini Wageningen kwenyewe, maana vyumba vya wanafunzi huwa haba sana Septemba inapokaribia.