Leteni sufuria, fulana baadaye

Tangu niandike kwamba nchi inayopika na kusafiri kwa nishati ya wenzake haijamaliza kujitawala, nimekuwa nikipokea maswali kutoka kwa watu wanaokusanya wenzao wajitolee kuhamasisha jambo hilo. Baadhi nimeyajibu hapa. Mengine yanajirudia, na mawili yalikuwa matusi.

Shikamoo mwalimu. Tuko vijana 14 hapa Mbagala. Tumechoka kusubiri bei mpya ya mafuta kila mwezi kama watoto wanaosubiri matokeo. Tunataka kuamsha mtaa wetu, nchi ijitegemee kwa nishati. Tuanzie wapi?

Marahaba, wanangu. Uchungu wa mafuta naujua. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, lita ya petroli ilipita shilingi 3,000 na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Lakini petroli na dizeli yote tunaagiza nje. EWURA, wadhibiti wa nishati, inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, inatusomea tu yaliyokwisha kuamuliwa na soko la dunia, dola na nauli ya meli. Vijana 14 hawaligeuzi hilo kwa vipaza sauti.

Umeme je? Huo sehemu kubwa unatoka kwenye mito yetu na kwenye gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Waya umepita juu ya paa la jirani yenu, na chini ya paa hilo hilo anapikia mkaa. Kazi yenu iko hapo, na inaanza na sufuria moja.

Mwandikieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa barua ya nusu ukurasa: ninyi ni nani, mnataka kufanya nini, siku gani, kwa nani. Mkishakubaliwa, tafuteni mama mmoja mwenye LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, yake mwenyewe, asiyechangia mita na wapangaji wengine. Azimeni presha kuka ya umeme. Jumamosi saa nne asubuhi waiteni majirani sita au saba, wasizidi. Zimeni friji, taa na kila kilichochomekwa. Mwenye nyumba asome uniti zilizobaki, asome yeye, si ninyi, na mmoja wa majirani aandike kwenye karatasi. Pikeni maharage nusu kilo. Yakiiva, asome tena.

Mara nyingi tofauti haifiki hata nusu uniti. Kwa mteja wa kawaida, ambaye uniti inamgharimu kama shilingi 357 pamoja na kodi, sufuria hiyo imepikwa kwa chini ya shilingi 180. Nyamazeni hapo. Waacheni wenyewe walinganishe na kopo la mkaa la jana.

Kuna mtego mmoja, na ninyi mtaulizwa. Kaya inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi hulipa bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ikivuka hapo, kila uniti ya ziada huwa shilingi 350. Nusu uniti kwa siku ni uniti 15 kwa mwezi. Aliyekuwa anatumia 65 mtamfikisha 80. Mwambieni kabla, mpige hesabu pamoja naye kwa kalamu. Mkimficha akaja kugundua dukani kwenye kununua LUKU, mtaa mzima utasikia, na kazi yenu imekwisha.

Mwalimu, watu wa kujitolea walipita kwetu Mbeya wakatuambia tununue mitungi kwa sababu gesi ni yetu ya Mtwara. Nimenunua. Sasa mume wangu anasema nimedanganywa. Nani mkweli?

Dada, mumeo ana haki katika hili, ingawa usimwambie kwamba nimesema mimi.

Gesi ya Mtwara na Lindi ni gesi asilia. Karibu yote ni methani, na methani haikubali kugeuka kimiminika kwa kubanwa tu kwenye mtungi wa jikoni. Ndiyo maana husafiri kwa bomba, kama lile la Mtwara hadi Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2015, ikaenda kwenye mitambo ya umeme, viwandani, kwenye nyumba chache zilizounganishwa na kwenye magari yaliyofungwa mitungi minene maalumu. Gesi ya mtungi wako ni propani na butani, na hiyo inakuja kwa meli kama petroli. Dola ikipanda, mtungi nao unapanda.

Mtungi hauna ubaya. Macho yako na kifua chako vimepumzika, na mti mmoja umebaki porini. Katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024 ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, gesi ya mtungi inahesabiwa kuwa nishati safi, na ni kweli. Ila nishati safi na nishati yetu ni mambo mawili, na waliopita kwenu waliyachanganya. Pengine hawakukusudia kudanganya, pengine nao waliambiwa hivyo kwenye semina. Kikundi chochote kinachosoma hapa, andikeni hili kwenye daftari lenu ukurasa wa kwanza: msiseme msilolijua ili mradi linapendeza.

Mimi ni katibu wa kikundi hapa Morogoro. Tulianza 40, wiki ya tatu tukabaki tisa. Waliobaki nao wanauliza posho. Nifanye nini?

Katibu, hongera kwa hao tisa. Mimi ningeshukuru kwa watano.

Ugonjwa wa posho tumeuleta wenyewe. Miaka na miaka miradi imekuja na bahasha, mtu anasaini karatasi ya mahudhurio, anakunywa soda, anaondoka na elfu kumi. Kijana aliyekulia humo akisikia "kujitolea" anaelewa "kibarua ambacho malipo yake hayajatajwa". Simlaumu. Lakini nawe usimlishe matumaini: siku ya kwanza kabisa, kabla hujaandika jina lake, mwambie hakuna posho, itakuwepo nauli na chakula cha mchana, na mwambie kiasi. Nauli lazima itoke. Mtu anayeishi Kihonda hawezi kujitolea Kilakala kwa mfuko wake kila wiki, huko ni kumfukarisha.

Halafu punguza kazi. Kikundi chako nadhani kilikufa kwa vikao. Umeandika kwamba mlikutana kila Jumatano na Jumapili, na katika wiki tatu mmetembelea nyumba nne. Hapo hata mimi ningekimbia. Mtu mmoja apewe nyumba tano za jirani zake, azifuatilie miezi miwili, basi. Vikao viwe mara moja kwa mwezi, saa moja, na kila mtu aje na mambo mawili tu: nani amebadili, na nani amekataa na kwa sababu gani. Sababu za waliokataa ndizo zitakazowafundisha.

Umeuliza pia kama mnaweza kuuza majiko ili kikundi kipate pesa. Hapana, si kwa jina hilo hilo. Siku mtakayoanza kuuza, kila neno lenu litageuka kuwa tangazo. Wanaotaka biashara waunde kikundi chao, waombe ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri ambayo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wametengewa, wakauze kwa amani. Na mgombea udiwani akija na majiko 20 yenye picha yake, mshukuruni, mwelekezeni kwa mwenyekiti wa mtaa, ninyi endeleeni na sufuria yenu.

Assalaam aleikum. Sisi wa Fumba, Unguja, tunataka kushawishi watu waweke sola kwenye misikiti, skuli na visima. Vijana wanasema umeme upo, ya nini kujisumbua. Tuwajibu vipi?

Waaleikum salaam. Ninyi wa Fumba ndio wa kunifundisha mimi, maana waya unatokea baharini kwenu.

Hao vijana walikuwa na umri gani mwaka 2008? Waulizeni, kisha mtafuteni mama yeyote aliyekuwa na watoto wadogo mwaka huo. Unguja ilikuwa inategemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, uliowekwa mwaka 1980. Mei 2008 ukapata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukazima tena, safari hii miezi mitatu, hadi Machi 2010. Hoteli ziliwasha majenereta. Wenye pesa walinunua ya kwao, mji ukanguruma usiku kucha. Maskini walikosa maji, kwa kuwa pampu ni za umeme, wakarudi kwenye visima vya ndoo na kamba.

Tangu 2013 kuna waya mpya wa megawati 100, na ni kitu kingine kabisa. Lakini umeme bado unavuka bahari. Hoja yenu iwe hiyo ya maji. Msiwaambie watu kwamba sola itaendesha kila friji ya Unguja, kwani wakati wa masika mawingu yatawaaibisha. Waambieni kisima cha mtaa kikiwa na paneli zake na tangi juu, siku waya ukizima tena watoto wataoga. Pampu hata haihitaji betri: jua likiwaka inajaza tangi, na tangi ndiyo betri yenyewe.

Na waleteni mafundi wa kwenu wasimame mbele ya watu. Kinyasini kuna kituo cha Barefoot College ambako wanawake wa vijijini, baadhi yao hawakusoma sana, wamefundishwa kufunga na kutengeneza sola. Bibi mwenye bisibisi mkononi anashawishi kuliko mhandisi mwenye projekta. Nimeliona hilo kwa macho yangu, nikaona aibu kwa miaka niliyobeba projekta.

Jambo moja litakalowaangusha: paneli inafungwa kwa sherehe, baada ya miaka miwili inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli, inaungua, hakuna wa kulipa. Kabla ya paneli, undeni mfuko wa matengenezo, uwe na watu watatu wa kusaini. Msikiti usio na mfuko, msiuwekee.

Mwalimu, niko Arusha. Tunahubiri kujitegemea, halafu tunasikia serikali itanunua umeme wa Ethiopia. Watu wanatucheka. Tufunge virago?

Msifunge. Machi 2025, akiwa Same, Rais Samia alieleza mpango huo: umeme mwingi unazalishwa mbali na kaskazini na unapotea njiani, kwa hiyo mikoa ya huko ichukue wa Ethiopia kupitia Kenya. Waya wa kutoka Ethiopia hadi Suswa, Kenya, upo, na wa kutoka Isinya, huko huko Kenya, hadi Singida upo. Wakati huo huo Bwawa la Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, linaweza kutoa megawati 2,115. Ndiyo maana watu wanacheka, na kicheko chao kina mantiki.

Mimi naona hivi. Kuazima chumvi kwa jirani wakati na yeye huazima kwako ni ujirani. Kenya, ambayo inajivunia umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, nayo inanunua wa Ethiopia. Kinachoniuma ni hicho kinachopotea njiani. Kwa hiyo wanaokucheka wageuze wawe wenzako: mwandikieni mbunge wenu mkaulize ujenzi wa njia za kusafirishia umeme umefika wapi, na mrudi kuuliza tena baada ya miezi mitatu. Hiyo nayo ni kazi ya kujitolea, na haihitaji hata nauli.

Tuna mto huku Ludewa unaporomoka mwaka mzima. Tunaweza kuzalisha wenyewe?

Umeuliza ukiwa jirani wa jibu. Nenda Mawengi, wilayani kwako, ukaone mtambo wa maji wa kilowati 300 unaosimamiwa na jumuiya ya watumiaji iitwayo LUMAMA. Wafadhili wa Italia walisaidia kuujenga, lakini ankara zinakusanywa na wenyeji. Ulizia hasa habari za madeni na ukarabati, mengine utaonyeshwa tu. Mtambo chini ya megawati moja hauhitaji leseni ya EWURA ya kuzalisha, ila kibali cha kutumia maji, kutoka bodi ya maji ya bonde lenu, lazima.

Tuchapishe fulana za rangi gani?

Kwa fedha hizo nunueni presha kuka ya pili.

Mama mkwe wangu, Tanga, amekataa katakata. Anasema maharage ya umeme hayana ladha, na ugali wa kwenye kidude hicho ni matusi. Nimwambie nini, na mimi ndiye kiongozi wa kikundi?

Pole. Kuhusu ugali yuko sawa. Presha kuka si chombo cha ugali wa watu wanane, humo hamna pa kuegemeza mwiko wala nafasi ya kuusonga. Msiuonyeshe hadharani, mtachekwa. Maharage yachemsheni kwa umeme mpaka yaive, kisha mkabidhi yeye ayaunge kwa nazi kwenye sufuria yake na jiko lake, asiguswe wala asisimamiwe. Saa mbili za moto zimeokolewa, na mapishi yamebaki ya kwake. Ugali asonge alikozoea.